Barafu haikutosha

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Barafu ilikuwa kidogo tena. Dada yangu Kahindo aliitoa kwa mama mwenye kuuzisha samaki, mais kulikosa courant ya umeme tangu asubuhi, donc ilifika nusu maji.

Muganga aliniambia nitie mikono ndani ya barafu wakati dawa ya kansere ya ziwa langu inaingia, ili vidole visikufe ganzi. Mimi ni mushonaji. Bila vidole, batoto batakula nini?

Kwa kitanda cha pembeni alilala Mama Biira wa Lubero. Yeye alianza dawa mbele yangu, na hakuna mutu alimuambia habari ya barafu. Nikamuambia: "Mama, tugawe."

"Hapana, mwanangu. Mikono yangu ilisha kufa ganzi. Juzi nilishika sufuria ya moto, nikajua kwa harufu ya ngozi. Weka yako."

Nikaweka. Baridi iliniuma sana, na nikafurahi kwa sababu iliniuma. Kisha nikasikia haya kwa kufurahi mbele yake, machozi yakashuka.

Mama Biira akanyoosha mukono, akanipangusa shavu polepole.

"Imekauka?" akauliza.

Nikamuambia ndiyo. Shavu ilikuwa ingali na maji.