Saini Sikumpa Mjomba

Itigi, Jumamosi jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria za uji. Nina hasira, lakini si ile ya kulia.

Jana nilipata leseni yangu mpya, ya zamani ilikuwa inaisha. Nimeruhusiwa tena kufunga umeme wa jua. Nilikwenda Singida mjini kwenye mafunzo, nikakaa darasani na vijana wanaoniita mama, nikafanya mtihani, nikafaulu.

Nyumbani hakuna aliyenipongeza.

Mjomba Elia, kaka yake mama, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Baba alipofariki, alinipandisha juu ya bati huku watu wakicheka: msichana gani huyu wa kupanda mapaa? Hakuwajali. Lakini leseni yake mwenyewe iliisha zamani na hataki kuihuisha. Anasema hawezi kufundishwa na watoto.

Mwezi uliopita, leseni yangu ya zamani ikiwa bado hai, alikuja kwangu. Alikuwa amefunga sola kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko njia ya Mitundu, wodi ya wazazi. Wenye kazi walitaka saini ya fundi mwenye leseni ndipo waipokee.

"Saini hapa, mwanangu."

"Sawa mjomba. Twende kwanza nikaikague."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Unikague mimi? Mimi niliyekushikisha bisibisi?"

Nikamwambia hata marehemu baba angekuwa ndiye aliyefunga, ningekwenda kuangalia. Pale wanajifungulia watu. Nikisaini, nimesema nimeona. Na mimi sijaona.

Akaondoka chai ikiwa nusu.

Mama anasema nimemvua nguo kaka yake. Leseni imenipa kiburi, anasema. Nasikia mjomba alimpata fundi mwingine, aliyesaini bila hata kuinuka kwenye kiti. Taa zinawaka, watu wanamsifu mjomba, mimi ndiye mtoto asiye na shukrani.

Naomba ziwake miaka yote. Naomba kwa moyo wangu wote.

Bado nisingesaini.

Nikisaini kazi nisiyoiona, ile leseni inabaki karatasi ya kufungia karanga. Nilipokuwa naenda mafunzoni nilimsihi mjomba twende wote, tukae dawati moja. Alifunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Leo nimekutana naye karibu na stesheni. "Shikamoo mjomba." Akapita. Hakuitikia, na watu wameona. Huku kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kofi la uso.

Liliniuma. Lakini sikuinamisha kichwa.

Kesho atakuwepo kanisani. Nitamwamkia tena, kwa sauti, mlangoni, wazee wote wakisikia. Asipoitikia, Jumatatu nitamwamkia tena. Heshima yake ataipata kwangu kila siku ya Mungu.

Saini hapati.