Flashi Niliyompa Dada

Malaba,
Jumapili, 10 Machi 2024

Mpendwa dada Akiteng,

Yoga, nakusalimu kwa Kiteso chetu. Natumaini wewe na watoto hapo Alupe mko salama, na kwamba kifua cha mzee wetu kimetulia. Sisi tu wazima, ila vumbi la malori ndilo linatumaliza. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara nne nikafuta.

Unalijua kundi letu la programu huria, tunaotengeneza mfumo wa kompyuta na kuugawa bure. Mwaka jana Omuse, mwenzetu wa Nambale, aliomba tuunde programu ya kusaka virusi. Nilimpinga mbele ya wote. Nilisema virusi vya Windows, mfumo wa kuuzwa wanaoutumia wengi, haviuwezi mfumo wetu, basi kwa nini tutoe jasho kuwalinda watu waliokataa kazi yetu? Omuse akajibu kwamba mtu anaweza kubeba ugonjwa bila kuugua, akamwambukiza jirani. Watu walicheka, mimi zaidi. Tulipopiga kura, hoja yake ilianguka.

Januari ulikuja dukani kwangu nikuwekee maswali ya mtihani kwenye flashi, ukayachapishe ofisini shuleni unakofundisha. Wiki hiyo hiyo kompyuta ya ofisi ya shule yenu ilikwama, na alama za kidato cha nne zikapotea zote. Mercyline, karani wenu, akaambiwa ni filamu zake zilizoleta virusi. Alikana, akafutwa kazi. Ulinisimulia ukilia, maana ni rafiki yako, nami nikakujibu kwamba makarani wa siku hizi si makini.

Dada, si Mercyline. Ni mimi. Flashi ile ilikuwa ya dukani, imepita kwa wateja wengi. Nilipoifungua niliona faili ngeni, nikaijua ni nini. Mashine yangu haikudhurika, wateja walikuwa wamejaa, nikakukabidhi hivyo hivyo. Uliponipigia simu kuhusu shule, nilielewa papo hapo. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka Omuse awe amesema kweli.

Ijumaa nilimkuta Mercyline sokoni Nambale akiuza dagaa wa omena. Akaniambia, "Karibu, boss. Dada yako hajambo?" Akanipimia, akaniongezea kiganja kizima bure. Nikashukuru, nikaondoka. Omena hiyo imenishinda kula.

Jana nilimweleza Omuse. Nilidhani atanicheka. Aliniuliza tu kama Mercyline anajua.

Barua hii nampa Ajiko, jirani yangu, akuletee kesho asubuhi. Ukiisoma, mimi nitakuwa Nambale mbele ya Mercyline. Tukitoka hapo nitaenda kwa mwalimu mkuu wenu, Mercyline akiwepo asikie. Tafadhali usije kunitetea.

Wabusu watoto. Mzee usimwambie, aibu hii nitamfikishia mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako, kama bado utaniita hivyo,
Hesbon Okwi