Maji Katika Kikombe cha Baba

Jumanne, 14 Novemba 2023
Maabara tangu asubuhi. Panya wangu wanajua: taa ya kijani ikiwaka, bonyeza kitufe, pombe itadondoka. Leo tumewasha taa tu, pombe hakuna. Loo, walivyobonyeza! Na dopamini, kemikali ya hamu ubongoni, ilipanda palepale taa ilipowaka, kabla ya kuonja lolote. Nikawaambia wanafunzi: kinachowaita si pombe, ni taa. Nilijisikia sana.

Mama kapiga simu. Ijumaa ni tambiko la Baba. Mwana wa kiume ndiye anayetoa kikombe cha pombe, na ndiye anayekinywa baadaye. Wa kiume ni mmoja tu, mdogo wangu Tae-sik — na hajagusa tone tangu atoke hospitali mwezi wa nne. Mkewe kamwambia ukifika mwaka mpya hujanywa, narudi na mtoto. Nimemwambia Mama aniachie mimi.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimepata! Pombe ya tambiko nimeimwaga kwenye sinki, chupa nimeijaza maji. Baba mdogo, anayesimamia tambiko, hatajua, presha imemkataza kunywa; kumimina tu ndiko kumebaki. Nimempigia Tae-sik asije akashtuka. Akacheka: "Dada, hata marehemu unamchakachulia?" Nikamwambia Baba alikunywa ya kumtosha. Tulicheka mpaka machozi.

Ijumaa, 17 Novemba
Jioni, kwa Mama. Samaki, peasi, supu, picha ya Baba, ubani. Tae-sik kapiga magoti, Baba mdogo akammiminia — mlio uleule wa chupa ileile. Kikombe kikazungushwa juu ya moshi, kikawekwa mbele ya picha. Tukainama. Kisha Baba mdogo akamrudishia: "Haya, kunywa baraka za baba yako." Tae-sik akageuza uso pembeni kwa heshima, akakimaliza. Akafumba macho. Alipoyafumbua alitazama ndani ya kikombe, akakinyoosha tena kwa Baba mdogo.

"Nyingine," akasema.

"Mwanaume huyo!" Baba mdogo kafurahi, hajui kitu.

Tae-sik akaondoka kabla ya chakula, koti hakuvaa. Maji! Yalikuwa maji matupu. Na aliyemwashia taa ni mimi.

Jumamosi, 18 Novemba
Hapokei simu. Mama ananiuliza maji yamemdhuru nini, si nilisema ni maji tu? Mambo haya nayafundisha! Najuta, najuta sana. Chupa, mlio, magoti, sauti ya Baba mdogo — vyote nilimwachia, nikaondoa kile kilichokuwa rahisi kuondoa. Ningesema tu: mwaka huu hakuna kikombe. Niliogopa maneno ya Baba mdogo. Basi, ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine.

Jumapili, 19 Novemba
Amekuja! Kwangu, asubuhi hii, bila taarifa. Midomo imempauka kwa baridi. Ana mfuko wa duka, ndani mna chupa ya soju, pombe kali ya kwetu, na vikombe viwili vidogo. Amevipanga mezani. Chupa haijafunguliwa. Nimemkumbatia ili nimnuse — aibu, lakini nimemnusa. Hajanywa! Anasema tangu juzi kila mtaa unamwita.

"Dada, sijawahi kujimiminia mwenyewe. Jana nilijaribu, mkono ukakataa. Nimiminie wewe."

Kweli, kwetu hakuna anayejimiminia. Mtu humiminiwa na mtu wake wa karibu. Desturi hiyo ndiyo imemfikisha kwangu mzima, na sasa ndiyo inayonidai.

Nimesema ngoja nichemshe chai. Niko jikoni, naandika nimesimama. Daktari wake hapatikani, Jumapili. Nikikataa atatoka, na huko nje wa kummiminia hawakosekani. Nikikubali — mkewe, mtoto, yote basi. Ningeimwaga hii pia, lakini kumwaga nimeshamwaga, na tazama.

Birika limechemka. Anaita: "Dada, njoo basi."

Nimechungulia. Kikombe kakishika kwa mikono miwili, kichwa chini, kwa adabu zote. Ananingoja.