Mshono Unaopitisha Maji

Bweni la Madaktari,
Chumba Na. 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je? Bibi bado anakufichia viatu ili usitoke? Mimi mzima, ila shingo imekaa upande kwa kuinamia meza. Mama kaniambia mikono yako imeanza kutetemeka na umefunga kibanda chako cha kutengeneza saa. Nililia, Mjomba, sikufichi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini daktari mzima bado anafundishwa kushona. Basi sikiliza. Ninachojifunza ni kuunganisha mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko njiti ya kiberiti, ili kidole kilichokatika kirudi kuishi. Vitabu tunavyo tele. Hadubini ya mazoezi ni moja, sisi tuko tisa, na ufunguo anao msimamizi wa vyumba vya upasuaji, ambaye akienda likizo huenda nao. Mwezi uliopita niliigusa mara mbili tu.

Kwa hiyo nimejitengenezea yangu. Simu nimeilaza juu ya marundo mawili ya vitabu, kamera inatazama chini, nakuza picha, na chini yake naweka paja la kuku. Humo ndani kuna mshipa unaokaribiana sana na wa kidole cha mtu. Mazoezi yakiisha, mwenzangu wa chumba analipika hilo paja. Juzi kaniomba nihamie kwenye samaki. Na siku sindano ilipopotea, sindano fupi kuliko ukope, tulitambaa sakafuni saa nzima tukilaumiana.

Sasa nikwambie aibu yangu. Mwezi uliopita mwalimu wetu alitupima. Anayefaulu anaruhusiwa kumshonea mgonjwa, anayeshindwa anasubiri mwaka mzima. Mimi Bi Haraka wako nilimaliza wa kwanza, mishono minane imejipanga, nikakunja mikono nikisubiri sifa. Mwalimu akasukuma maji ya rangi ndani ya mshipa. Halikutoka hata tone. Nilikuwa nimeshona ukuta wa mbele pamoja na wa nyuma, nimeuziba mshipa kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mzuri, lakini umekufa," akasema. Akanipa nafasi moja tu nyingine, baada ya siku kumi.

Nilirudi chumbani nikakukumbuka. Hukukubali hata siku moja saa ifungwe kifuniko kabla hujaiweka sikioni. Nikaikumbuka pia siku ile uliyotaka kunipa kioo chako cha jichoni, kile cha kukuzia vyuma vidogo vya saa, nami nikacheka, nikasema naenda kuwa daktari, siendi kuwa fundi. Ulikizungushia kitambaa ukakirudisha kwenye droo. Nisamehe, Mjomba. Nilikuwa mjinga, na neno lile limenisuta miaka yote hii.

Siku kumi zile nilishona mshono mmoja, nikapitisha maji, nikachungulia ndani, ndipo nikaenda wa pili. Siku ya kupimwa tena nilichelewa mno kumaliza, mwalimu akapiga miayo. Maji yakapita.

Alhamisi akaletwa seremala, msumeno umemkata kidole gumba. Mshipa wa kwanza alishona mwalimu, wa pili akaniachia mimi. Tulipoachia vibanio vilivyokuwa vimezuia damu, kidole kilibaki cheupe kama chaki. Kisha wekundu ukaanza kupanda kutoka chini, polepole. Mwalimu akakigusisha kifaa kidogo cha kusikilizia damu ikipita. Kidole kilikuwa kinapiga, Mjomba. Nilitamani uwe pale, nikuwekee sikioni.

Nisalimie Bibi, na binamu yangu kinyozi, mwambie namdai barua. Mungu aibariki mikono yako hata ikitetemeka, maana mingine inafanya kazi kwa sababu yake.

Na kile kioo, kama bado kimo kwenye droo, nakiomba.

Mimi fundi wako akupendaye,
Bi Haraka