Wazungu Wawili wa Ujiji na Dada Yangu

Marahaba, mjukuu wangu Mwajuma, najua shikamoo umeshaisema huko Tabora. Herufi ulizonifundisha jikoni zimetosha kadi hii. Ukiona kosa, limeze.

Hao wazungu wawili wanaovuliana kofia hapo mbele ya kadi ni sanamu za hapa Ujiji. Walikutana, wakaamkiana, wakaenda zao. Kwa hilo tu wamejengewa nyumba ya makumbusho!

Jana nilimsindikiza dada yangu Zuhura kuomba kitambulisho cha taifa. Kazaliwa hapahapa Ujiji, mtaa wa Kasingirima, kazika waume wawili hapohapo. Karani, kavaa jezi ya timu ya Ulaya, akamuuliza, "Bibi, babu yako alitoka wapi?"

Zuhura hajui kudanganya. "Kongo. Alivushwa ziwa mtoto mdogo, kafungwa kamba shingoni."

"Basi leta ushahidi kuwa wewe ni Mtanzania."

Nikamwambia, "Mwanangu, wale wazungu wa makumbusho walileta ushahidi gani? Na hiyo timu ya kifuani, babu yako kazaliwa huko?"

Foleni nzima ikacheka. Yeye kanuna, kasema turudi Jumatatu na wazee watatu wanaomjua Zuhura. Watatu! Nitampelekea mtaa mzima, na pilau tutapikia mlangoni kwake.

Kwa hiyo usinitazamie wiki hii. Kuku wangu wape maji, nawe ule ushibe, mifupa yako inanitia aibu. Nitakuletea migebuka wakavu, samaki wa ziwa letu.

Kadi hii usiibandike ukutani. Subiri picha ya Zuhura ameshika kitambulisho chake.

Bibi yako