Treni ya Baba na Filimbi Uliyoondoka Nayo

Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa,

Treni ya Baba imepakwa rangi. Nakuambia hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu nakujua, ungenikatiza maneno: "We Sindano, nani amegusa treni?" Ni mimi niliyeigusa. Mama naye yuko hapa uani anachambua majani ya sombe, anajua kila kitu. Kwa hiyo usinikasirikie. Au kasirika, Yaya wangu. Kasirika tu, maana leo ningeshukuru hata kusikia sauti yako ikinifokea.

Mengine nitakayosema unayajua. Niache niyaseme hivyo hivyo. Nitamwambia nani mwingine?

Unakumbuka Baba alivyoitengeneza, akiwa ameshaacha kazi, amekaa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko. Miaka yote ya ujana wake alikuwa mtia-kuni kwenye treni za moshi, ng'ambo ya Lualaba, na alipozeeka mikono yake haikujua kutulia. Tumbo la treni alilikata kwenye bomba la shaba ya njano lililotoka kwenye mashine iliyokufa. Dohani yake ilikuwa ganda la risasi tuliloliokota wewe na mimi baada ya vita, Mama akatupiga kwa kuliokota, Baba akalichukua bila neno. Mgongoni akaweka kengele ya baiskeli. Na mwisho kabisa ile filimbi, ndogo kama kidole cha mwisho cha mtoto, iliyofungwa juu ya tumbo kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa. Treni yenyewe haikutembea popote, lakini filimbi ililia kweli. Ukaigeuza kuwa mali yako. Ulikuwa unaifungua kwa siri, unanifuata nayo mpaka sokoni, nikisikia fiiii nyuma ya wauza samaki najua chakula kimeiva na wewe umetumwa kuniita. Nilikuwa nakutukana mbele za watu. Ulikuwa unacheka tu, mshenzi wewe.

Baba aliipaka rangi nyeusi, na kifua chake cha mbele chekundu, kama zile alizozilisha kuni. Lakini alikuwa amemwoa Mama, na Mama ni mtoto wa mji huu wa Kasongo hasa. Kwao shaba haifichwi. Masinia ya bibi yake na birika la kahawa, kila Idi vinatolewa, vinasuguliwa kwa ndimu na majivu, kisha vinapanguswa kwa mawese kidogo ili vikae na mng'ao. Idi ya kwanza treni ilipokuwa nyumbani, Mama aliichukua pamoja na masinia akaisugua mpaka rangi yote ikaenda na maji. Baba alirudi kutoka msikitini, akasimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Mama Ramazani, umefanya nini?"

"Nimeisafisha. Ilikuwa na masizi."

"Ile ni rangi!"

"Basi ilikuwa rangi ya masizi."

Baba akapaka tena. Idi ikafika, Mama akasugua tena. Ikawa mchezo wao wa uzeeni, mpaka Baba akachoka. Siku zake za mwisho alikuwa anaitazama pale juu ya kabati inavyomeremeta, anasema, "Ile haiko treni. Ile ni birika yenye magurudumu." Tulicheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Matanga yake yalipokwisha, ukaishusha. Ulisema utaipaka rangi ya kweli, ambayo hata Mama na ndimu zake hataiweza. Ukaifungua yote, gurudumu kwa gurudumu, ukapanga vipande kwenye sinia, ukafunika kwa kitambaa cha kikwembe cha zamani, ukasukuma chini ya kitanda cha Mama. "Musiguse kitu. Nitarudi na rangi, nyeusi na nyekundu." Kazi Kasongo haikuwepo, vijana wote walikuwa wanaelekea Salamabila kwenye dhahabu, na wewe ukawafuata. Asubuhi ile, pikipiki ikiwa inanguruma, ulitoa filimbi mfukoni ukanionyesha mimi peke yangu. "Hii inaenda na mimi. Treni bila filimbi haiondoke. Kwa hiyo lazima nirudi." Nikakuambia acha upuuzi, irudishe. Ukaipuliza sikioni mwangu, ukapanda, ukaenda.

Aliyerudi ni rafiki yako mliyechimba naye, na sakoshi yako, ule mfuko wako wa safari, begani. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Alikaa pale pale barazani, maji tuliyompa hakuyanywa, akasema shimo lilijifunga likiwa na watu ndani, na wewe mmoja wao, kwamba walichimba kuwatafuta mpaka ardhi ikaanza kushuka upande wa pili, wakawaachia Mungu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua sakoshi, akaitundika kwenye msumari wa chumba chake, akasema, "Mwenyewe atakuja kuifungua."

Majirani walikuja na mikeka yao kichwani, kama inavyotakiwa. Mama akawasimamisha mlangoni.

"Mumekuja kumulilia nani?"

Wakaanza kushusha mikeka.

"Miye sijaona maiti. Mutoto wangu iko Salamabila, anafanya kazi. Mujirudie."

Wakarudi na mikeka yao. Yaya, mimi sijawahi kuona kitu kama kile, wanawake wa mtaa mzima wanarudishwa na mikeka yao. Tangu siku hiyo hata jina la Mama likawa mzigo. Watu walikuwa wanaanza, "Mama Rama...", wanakwama, wanajifanya wamekohoa. Sheikh alikuja kwa upole, akaeleza kwamba mtu ambaye mwili wake haukupatikana naye anasaliwa, dini imeruhusu. Mama akamletea chai, akamuuliza habari za mahindi yake. Na mimi nikanyimwa kulia. Nyumba yangu mwenyewe, kaka yangu mwenyewe, na kila nikitaka kutoa chozi naambiwa nakutakia mabaya. Nilikuwa nalia kwenye cherehani, naendesha kwa nguvu ili nisisikike. Nimeharibu vikwembe vya watu kwa ajili yako.

Mwisho nikaenda. Sikumwambia Mama naenda wapi, nilisema nafuata vitambaa. Barabara unaijua, pikipiki inabebwa zaidi kuliko inavyobeba. Nikafika Salamabila, rafiki yako akanipeleka. Nilitegemea kuona shimo. Hakuna shimo, Yaya. Ni ardhi tu, nyekundu, imelala, majani yameanza kuota. Hatua chache pembeni vijana wengine walikuwa tayari wanachimba, wanaimba. Nikauliza, "Ni hapa?" Akasema, "Iko hapa, dada." Nikakaa chini. Nilikusomea Kurani niliyokuwa naikumbuka, na niliposahau nikaachia hapo. Nilijua siku ile kwamba hutarudi, na nilijua nitarudi Kasongo kuishi na mtu asiyejua.

Kwenye kurudi mvua ilinizuia Kabambare. Nikajikinga kwenye kiduka cha misumari na sabuni, na mbele ya macho yangu, juu ya ubao, kopo la rangi nyeusi na kopo la rangi nyekundu. Sikufikiri. Nilinunua kama mtu anayenunua dawa. Nilipofika nyumbani Mama akayaona makopo kabla ya kuniona mimi.

"Umetoka Salamabila."

Nikayaweka makopo chini.

"Na hii rangi? Hii ni kazi yake. Nani alikutuma kufanya kazi yake?"

"Mama, niliona pahali..."

"Sikukuuliza uliona nini!"

Alinifokea mpaka kuku wakahama uani. Lakini nilielewa, siyo mimi aliyekuwa anamfokea. Ikiwa mtu mwingine ameleta rangi, ina maana wewe huileti. Nikayaficha makopo chini ya cherehani, yakakaa huko masika mazima.

Ni bati la chumba cha Mama lililotufungua. Lilianza kuvuja juu ya kitanda, maji yakapita godoro mpaka chini. Asubuhi nikasikia sinia likiburuzwa. Nikaingia, nikamkuta Mama amepiga magoti, kikwembe kimeloa, vipande vyote vimeota kutu ya kijani kama vimelala mtoni. Ameshika gurudumu mkononi. "Shaba inaoza," akasema. "Inaoza naiangalia." Akaenda kutafuta ndimu na majivu.

Tulisugua pamoja, yeye na mimi. Kila kipande akakipangusa kwa mawese kama anavyojua yeye. Nikaunga treni kwa bisibisi ya cherehani, magurudumu nikayatia mafuta yale yale ya cherehani. Ilipokamilika ikasimama pale inawaka, birika la Baba lenye magurudumu. Nikasubiri. Mama akaitazama sana.

"Baba yako alitaka nyeusi," akasema.

Basi nikatoa makopo. Nilifunga manyoya ya mbuzi kwenye kijiti, nikapaka kwa mkono wa mshonaji, bila kuvuka mstari. Ilipendeza, wallahi. Kesho yake Mama akaishika, na rangi ikamfuata vidoleni, ikabanduka ngozi nzima kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Alinitazama kana kwamba wewe ndiye uliyekataa. Mimi mwenyewe niliogopa, nisikufiche.

Nikambeba Baba na treni yake, ndivyo nilivyokuwa najisikia, mpaka kwa fundi anayepaka pikipiki karibu na soko. Akanusa, akacheka. "Dada, mulipaka mawese?" Nikasema ndiyo, ndivyo tunavyofanya shaba. "Shaba ya sinia, ndiyo. Rangi haikae juu ya mafuta, wala juu ya shaba inayong'aa kama kioo. Uioshe na sabuni, halafu uikwangue na msasa mpaka ife mng'ao. Rangi inataka pahali pa kushika." Akanipa kipande cha msasa.

Nikaanza kukwangua uani. Ile sauti, Yaya, hata mimi ilinichoma meno. Mama akatoka ndani mbio, kichwa wazi.

"Unamukwangua! Wacha! Unamukwangua mutoto wangu!"

Nikaacha. Alisikia mwenyewe alichokisema. Akakaa chini, miguu imenyooka mbele, akaninyang'anya msasa na treni, akaanza kukwangua yeye, shaba ile ile aliyoing'arisha Idi kwa Idi. Alikwangua tumbo, akakwangua kengele, akakwangua ganda la risasi, na machozi yanashuka mpaka kwenye shaba, naye hayafuti. Lilikuwa chozi lake la kwanza tangu sakoshi ifike. Nilikaa karibu yake nikashika magurudumu. Nililia kwa sauti, mchana, uani kwetu, na hakuna aliyenikataza.

Rangi ikashika. Nyeusi tupu, na kifua chekundu. Mama akaizungusha mkononi, akaikagua kama anavyokagua samaki, kidole chake kikasimama juu ya tumbo, kwenye lile tundu.

"Filimbi iko wapi?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Kwamba uliondoka nayo mfukoni, na maneno uliyosema pikipiki ikinguruma.

"Basi iko mu sakoshi," akasema, upesi, akasimama.

Akaishusha kwenye msumari. Mikono yake ilishindwa kifungo, nikakifungua mimi. Akatoa shemise yako, lile shati la bluu, akaikung'uta. Akatoa tochi, akafungua mahali pa betri. Akatoa sabuni iliyobaki nusu, ina alama ya vidole vyako. Akaigeuza sakoshi, akaipiga mgongoni, vumbi jekundu likamwagika mkekani. Akapapasa lile vumbi kwa kiganja, polepole, mpaka likaisha.

"Haimo," akasema.

Akakaa na shemise yako mapajani. Nilikuwa najiandaa aanze tena, kwamba basi yuko hai na anaipuliza huko aliko.

"Basi iko naye," akasema. "Kule chini hayuko peke yake. Iko na kitu ya baba yake."

Kisha akasema, "Nenda kwa sheikh. Umwambie mutoto wangu asaliwe."

Ukasaliwa Ijumaa, Yaya, msikiti umejaa. Wanawake walikuja na mikeka ile ile, wakatandika bila kuulizwa, na wa kwanza kuingia akamkumbatia Mama akasema, "Pole, Mama Ramazani," jina zima, bila kukwama. Mama akaitika.

Sasa treni iko juu ya kabati. Yule fundi alijitolea kuliziba tundu kwa skrubu, likipakwa halitaonekana. Mama akakataa. "Pale musizibe. Pale ni pake." Idi iliyopita alitoa masinia yote akayasugua kama kawaida. Alipofika kwenye treni aliiweka ndimu chini, akachukua kitambaa kikavu, akapangusa vumbi kuzunguka tundu, basi.

Hasira yangu haijaisha, usijidanganye. Ningekuwa nimeing'ang'ania ile filimbi asubuhi ile, labda ungeshuka kunifukuza, labda pikipiki ingekuacha. Nafikiri upuuzi kama huo nikiwa natia uzi. Na sokoni nikipita nyuma ya wauza samaki shingo yangu bado inageuka yenyewe.

Uliniambia treni bila filimbi haiondoki. Kweli, hii yetu haijaondoka. Iko hapa, nyeusi kama Baba alivyotaka, na sisi tuko nayo. Filimbi usiihangaikie tena, Yaya. Kaa nayo. Lala nayo salama, Mungu akupanulie pale ulipo.

Mdogo wako wa tumbo moja, ambaye hakuna tena wa kumwita
Sindano