Flashi Yangu na Rehema

Sanyuanli, Jumanne

Simwamini Rehema, nisijidanganye. Tunanunua madera pamoja kwenye soko la nguo la Shisanhang, na jana kanirudishia flashi yangu: "Dada, picha zote za sampuli zimo." Kwenye Mac yangu haikufunguka hata moja. Nikasema, huyu ananificha maduka yenye sampuli hizo.

Leo fundi wa simu pale mtaa wa Dengfeng kacheka. "Hizi ni shotikati za Windows, mama. Picha zenyewe zimebaki kwenye kompyuta yake."

Kakosea? Au kakusudia?

Halafu fundi akagusa orodha ya wateja niliyompa Rehema mwezi uliopita, kwenye flashi hiyohiyo. "Hii nayo ni shotikati, ya Mac. Orodha yenyewe haijatoka kwenye kompyuta yako."

Mwezi mzima Rehema hajaniuliza mbona orodha haifunguki. Alichoniwazia nakijua, maana nami nimemwazia hichohicho.